Majibu ya Altrasaundi ya Nyonga ya Mtoto Mchanga Yasipolingana: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mtoto wa wiki saba anaweza kupimwa nyonga kwa altrasaundi asubuhi, jibu likasema nyonga ya kushoto haijakomaa, na mchana akapimwa na mtu mwingine kwa mashine ileile, jibu likasema nyonga zote mbili ni nzima. Mama aliyepanda basi kutoka Mpwapwa au Kondoa hana namna ya kujua ashike lipi, na daktari wa mifupa naye hana. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanaofanya kipimo hiki na wanaosoma majibu yake hapa Dodoma na mikoa ya jirani. Unafuata njia ya dalili: unaanza na jinsi tofauti inavyojitokeza, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa kuwa linatawala karibu yote yanayofuata. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya wapimaji haizaliwi wakati wa kupima pembe. Huzaliwa kwenye picha, kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Picha isiyopigwa kwenye mkato unaotakiwa, yaani ubapa wa mwili unaopaswa kuonyeshwa na picha, haistahili kupimwa, na namba inayotoka humo haipati uzito wowote kwa sababu tu mashine imeiandika kwa digrii na sehemu ya digrii.

Njia inayotumiwa na wengi ni ile iliyochapishwa mwaka 1980 na Reinhard Graf, daktari wa mifupa wa Austria. Mtoto hulazwa ubavu, probu nyoofu, yaani kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi na kutuma mawimbi ya sauti, huwekwa upande wa nje wa nyonga kwa kufuata urefu wa mwili, na picha hupigwa kwa mkato unaopita katikati ya kikombe cha nyonga, yaani lile tundu linalopokea kichwa cha fupa la paja. Juu ya picha huchorwa mistari mitatu. Mstari wa msingi hufuata ukuta wa iliamu, ambayo ni sehemu ya juu ya fupanyonga. Mstari wa paa la mfupa hufanya nao pembe alfa, na mstari wa paa la gegedu hufanya nao pembe beta. Alfa ya digrii 60 au zaidi ni aina I, nyonga iliyokomaa. Alfa ya 50 hadi 59 ni aina IIa kwa mtoto ambaye hajazidi wiki 12, na aina IIb kwa aliyezidi. Alfa ya 43 hadi 49 ni aina IIc iwapo beta haijazidi 77, na aina D iwapo imezidi. Chini ya 43 ni aina III na IV, ambazo kichwa kimekwisha kutoka mahali pake.

Watu wawili, mtoto mmoja, aina mbili

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na kosa la kwanza katika kuishughulikia ni kuanza kubishana kuhusu nani ana uzoefu zaidi. Kabla ya yote, tenganisheni kupiga picha na kupima picha. Chukueni picha iliyogandishwa na mpimaji wa kwanza, futeni mistari yake, kisha mpimaji wa pili achore ya kwake bila kuona namba za mwenzake. Baadaye fanyeni vivyo hivyo kwa picha ya mpimaji wa pili.

Ikiwa juu ya picha moja wote wawili wanapata alfa zinazokaribiana, lakini picha mbili zinatoa alfa zilizoachana, chanzo kiko kwenye mkono ulioshika probu au kwenye ulalaji wa mtoto. Ikiwa juu ya picha ileile moja mmoja anapata 54 na mwingine 62, chanzo kiko kwenye utambuzi wa alama na uchoraji wa mistari. Marekebisho ya hali hizi mbili hayafanani hata kidogo, na chumba kinachorudia mafunzo ya kuchora mistari wakati tatizo lake ni la kushika probu kitapoteza muda mwingi bila kuona badiliko.

Kuna hali ya tatu ambayo si tatizo kubwa kama inavyoonekana. Mmoja amepata 58, mwingine amepata 61. Kwa maandishi, mmoja ametoa aina IIa na mwingine aina I. Kwa uhalisia wametofautiana kwa digrii tatu tu, na mpaka wa 60 umepita katikati yao. Tofauti ya namna hii isihesabiwe sawa na ile ya 48 dhidi ya 61, ambayo humfanya mtoto mmoja avalishwe mkanda wa matibabu unaoishika miguu ikiwa imetanuliwa na mwingine arudishwe nyumbani. Ndiyo maana jibu lisilotaja pembe, likataja aina peke yake, humnyima msomaji wake nafasi ya kupima uzito wa tofauti.

Picha hubadilika kila probu inapowekwa upya

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa panastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mkato sanifu wa Graf hutambuliwa kwa alama tatu, na zote tatu sharti zionekane kwa pamoja katika picha moja: ncha ya chini ya iliamu iliyo ndani ya kina cha kikombe, ukuta wa iliamu ulionyooka sambamba na uso wa probu, na labramu, ule ukingo mdogo wa gegedu-nyuzi ulio mwishoni mwa paa. Ikikosekana moja, picha haipimwi. Kanuni hii ina hali moja tu ya kuiacha, nayo ni nyonga ambayo kichwa kimetoka mahali pake. Kichwa kikishatoka, hakitapatikana tena kwenye mkato uleule na ncha ya chini ya iliamu, na mpimaji anayeendelea kuitafuta kwa dakika kumi huku mtoto akilia anamtesa mtoto kwa jambo lisilowezekana.

Ncha ya chini ya iliamu ikikosekana au ikiwa hafifu, probu haipiti katikati ya kikombe. Tafuteni ncha hiyo kwanza, kabla ya kuangalia kitu kingine, kwa kuusogeza mkato mbele na nyuma polepole hadi nukta hiyo ing'ae kwa ukali. Wanaoanza mara nyingi huidhania tishu ya mafuta au kano iliyo ndani ya kikombe kuwa ndiyo ncha yenyewe, hasa mwangaza wa picha unapoongezwa kupita kiasi hadi kila kitu kikawa cheupe. Punguzeni mwangaza, ncha halisi hubaki, tishu laini hufifia.

Ncha ikiwa inaonekana lakini ukuta wa iliamu umepinda badala ya kunyooka, probu imezunguka kuelekea mbele au nyuma ya mwili. Marekebisho si kuhamisha probu nzima, kwa kuwa mtapoteza ncha mliyoihangaikia. Ni kuizungusha probu taratibu huku ncha ikibaki ndani ya picha, hadi mstari wa iliamu unyooke. Kosa hili lina madhara makubwa kwa sababu paa la kikombe halina umbo moja mbele na nyuma. Watu wawili waliopita sehemu mbili tofauti za paa hilo wamepima vitu viwili, na hakuna kiwango cha umakini katika kuchora mistari kitakachowapatanisha.

Labramu ikikosekana huku alama nyingine mbili zikiwa nzuri, mara nyingi probu inahitaji kusogezwa kidogo sana au mguu wa mtoto unahitaji kurekebishwa. Labramu hugusana na kichwa cha fupa la paja na hufuata mara tu paa la gegedu linapoishia. Kinachochanganywa nayo zaidi ni mkunjo wa utando wa kiungo, ambao uko chini zaidi, karibu na shingo ya paja. Dawa ya kuchanganya huku ni kuzitambua sehemu zote kwa mpangilio uleule kila mara: mpaka wa gegedu na mfupa kwenye shingo ya paja, kichwa, mkunjo wa utando, kifuko cha kiungo, labramu, paa la gegedu, paa la mfupa, na mwisho ukingo wa mfupa. Mpimaji mzoefu huona mpangilio huu kuwa ni wa wanafunzi; mpimaji mzoefu ndiye pia anayeruka hatua.

Limebaki kosa la kuinamisha probu, ambalo ni la hila kuliko yote kwa sababu alama tatu zinaweza kuonekana na picha bado ikawa imepotoka. Mawimbi ya sauti hayasafiri kwa kasi moja katika gegedu, misuli na mafuta, na yanapoingia kwa mshazari hupinda. Mashine haijui hilo. Yenyewe huchukulia kuwa kasi ni mita 1,540 kwa sekunde kila mahali na kwamba mawimbi yamenyooka. Matokeo yake ni picha ya nyonga nzima inayoonekana mbovu, au kinyume chake. Ishara ya kutegemea ni ule mpaka wa gegedu na mfupa kwenye shingo ya paja: ukionekana vizuri, kuna uhakika wa kutosha kuwa probu haijainama kuelekea kichwani wala miguuni, usipoonekana, rudieni. Graf mwenyewe aliona kosa hili kuwa zito kiasi cha kusisitiza kifaa cha kuiongoza probu isiiname na kitanda kidogo cha kumlazia mtoto. Mahali ambapo vifaa hivyo havipo, khanga mbili zilizokunjwa kwa nguvu na kuwekwa mbele na nyuma ya mtoto humfanya atulie ubavu bila kugeuka, na mpimaji anaegemeza kiwiko kitandani ili mkono usining'inie hewani.

Mtoto mwenyewe ni sehemu ya picha. Anayelia hukaza misuli, huvuta mguu na kugeuza kiuno, na ndani ya sekunde chache mkato uliopatikana kwa shida unapotea. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Dodoma ni za baridi, na jeli iliyolala kwenye kabati usiku kucha ikimgusa mtoto pajani haihitaji maelezo. Iwekeni chupa ya jeli ndani ya maji ya uvuguvugu kabla ya zamu kuanza. Mama amnyonyeshe mtoto kwanza, asimame upande wa kichwa chake, na amshike bega badala ya mguu. Mama anayeshika mguu kwa nia njema huunyoosha, na nyonga inatakiwa ibaki imekunjwa kidogo kama mtoto anavyolala mwenyewe. Mashine yenye swichi ya mguuni ya kugandisha picha ni msaada mkubwa, kwa kuwa mkono unaoacha probu ili kubonyeza kitufe ndio unaoharibu mkato.

Picha ni ileile, namba ni tofauti

Ikiwa jaribio la kwanza limeonyesha kuwa tatizo liko kwenye mistari, angalieni kwanza kama mmoja wenu anailazimisha mistari yote mitatu ikutane kwenye nukta moja. Hili ni kosa lililoenea, na linatokana na michoro ya vitabuni inayoonyesha nyonga nzuri yenye ukingo mkali, ambako mistari hukaribia kukutana kweli. Kwenye nyonga yenye ukingo wa mviringo haikutani, na kuilazimisha kunabadilisha pembe zote mbili kwa pamoja.

Mstari wa msingi huanzia juu, pale utando wa paa la gegedu unaposhikana na iliamu, kisha hushuka ukigusa ukuta wa iliamu. Mstari wa paa la mfupa huanzia kwenye ncha ya chini ya iliamu na kupanda ukigusa paa. Unaligusa paa, haulengi ukingo. Mstari wa paa la gegedu ndio unaohitaji ukingo wa mfupa: hutoka hapo na kupita katikati ya labramu. Ukingo wenyewe ni nukta ambapo umbo la paa linabadilika kutoka kubonyea kuwa kubenuka, na hutafutwa kwa kuufuata mfupa kutoka ndani ya kikombe kwenda nje.

Kwa mpangilio huo mnaweza kujua nani amekosea wapi kwa kuangalia namba tu. Beta zikiachana sana huku alfa zikikubaliana, hamkubaliani kuhusu ukingo wa mfupa au labramu. Alfa zikiachana, hamkubaliani kuhusu ncha ya chini au mstari wa msingi. Kwa ujumla beta ndiyo pembe inayoyumba zaidi kati ya wapimaji, kwa kuwa inategemea nukta mbili ambazo zote ni ngumu kuzishika. Hiyo si sababu ya kuidharau. Kwenye alfa ya 43 hadi 49 ni beta inayotenganisha aina IIc na aina D, na hapo pembe inayoaminika kidogo ndiyo inayoamua mengi. Pimeni mara ya pili kwa picha nyingine.

Chumba kimoja hupata nyonga mbovu kuliko vingine vyote

Tofauti inapokuwa ya upande mmoja kila siku, yaani chumba fulani au mtu fulani hutoa alfa ndogo kuliko wengine bila kujali mtoto ni nani, shaka ielekezwe kwanza kwenye vifaa. Je, probu inayotumika ni nyoofu? Katika vituo vingi vya kanda hii probu iliyopo ni ile ya mviringo inayotumiwa kwa wajawazito na tumbo, na inapotumiwa kwa nyonga hutawanya mawimbi kama kipepeo cha mkono, hivyo pembe zinazopimwa pembeni mwa picha haziaminiki. Nyonga ya mtoto huhitaji probu nyoofu ya megahezi 5 hadi 7.5 au zaidi. Isipokuwepo, ni afadhali kumpa mama rufaa kuliko kumpa namba.

Angalieni pia ukubwa wa picha. Graf alipendekeza picha ikuzwe angalau kwa uwiano wa 1.7 kwa 1. Kwenye picha ndogo, kosa la milimita moja la kuweka nukta ni digrii nyingi. Kisha kuna jambo la siku hizi ambalo vitabu vya zamani havikuwa na sababu ya kulitaja. Picha hupigwa kwa simu kutoka kwenye skrini na kutumwa kwa WhatsApp ili daktari aliye mbali atoe maoni. Simu ikishikwa kwa mshazari, pembe zinabadilika. Programu ikinyoosha au kubana picha ili ijae kwenye kioo, pembe zinabadilika. Daktari wa mbali anaweza kusema kama alama tatu zipo au hazipo, na huo ni msaada mkubwa. Asipime pembe juu ya picha hiyo, na asiulizwe namba. Pembe zipimwe kwenye mashine yenyewe kabla mtoto hajaondoka kitandani.

Vifaa vikiwa sawa na chumba bado kinatoa wagonjwa wengi, kumbukeni hesabu ya ugonjwa adimu. Katika jamii nyingi za Afrika ambako mtoto hubebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yakiwa yametanuliwa kiunoni mwa mama, kuteguka kwa nyonga kwa watoto wachanga huripotiwa kwa uchache kuliko katika jamii zinazomfunga mtoto miguu ikiwa imenyooka. Tuseme kwa mfano kwamba kati ya watoto 1,000 ni wawili tu wenye tatizo, na kipimo chenu kinawakosea watoto wazima watano katika kila 100. Mtawaandikia ugonjwa watoto wazima wapatao 50 kwa ajili ya kuwapata hao wawili. Kwa hiyo mahali ambapo ugonjwa ni adimu, kosa dogo la mkato huzalisha wagonjwa wa uongo wengi kuliko wa kweli, na mkanda wa Pavlik wanaovalishwa si kitu kisicho na madhara: ukifungwa vibaya unaweza kuugandamiza mshipa wa fahamu wa paja au kukinyima damu kichwa cha fupa. Ni sababu nzuri ya kuanza na watoto wenye viashiria, yaani waliotanguliza matako tumboni, wenye historia ya tatizo hili katika familia, au ambao mkono wa mchunguzi umehisi kitu, badala ya kumpima kila anayeingia.

Aina inabadilika kati ya hudhurio moja na lingine

Si kila badiliko ni kosa. Nyonga ya mtoto mchanga hukua haraka katika wiki za mwanzo, na mtoto wa wiki mbili mwenye aina IIa kuwa na aina I akifika wiki kumi ni jambo la kawaida kabisa. Ndiyo sababu wengi huona ni heri mtoto mwenye viashiria, ambaye nyonga yake ni imara mkononi, asubiri hadi wiki ya nne au ya sita ndipo apimwe, kuliko kupimwa akiwa na siku tatu na kuanza safari ya kurudiarudia.

Kinachosumbua ni umri unaoandikwa ovyo. Kadi ya kliniki hapa nchini ina mahudhurio ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kwa bahati njema mahudhurio hayo yanakaa pande zote mbili za mipaka ya Graf. Katika wiki ya 6, aina IIa hugawanywa: alfa ya 55 au zaidi inaendana na umri, chini ya hapo inachelewa. Katika wiki ya 10 mtoto bado anaweza kuwa IIa. Katika wiki ya 14 jina hilo halipo tena. Mtoto aliyepimwa wiki ya 10 akapata 57, na wiki ya 14 akapata 57, amebadilika kutoka IIa kuwa IIb ilhali pembe haijasogea hata digrii moja. Msomaji wa majibu asidhani wapimaji wamepingana, na asidhani pia kuwa nyonga imeharibika. Imesimama pale ambapo ilipaswa kuendelea, na hilo ndilo linalohitaji matibabu.

Neno "miezi mitatu" liondolewe kwenye majibu haya. Wiki 12 ni siku 84. Miezi mitatu ya kalenda hukaribia siku 91, na ndani ya wiki hiyo moja ya tofauti mtoto yuleyule hupewa majina mawili. Hesabuni wiki kutoka tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi. Kwa mtoto njiti, andikeni umri tangu kuzaliwa na umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na mkubaliane kama idara ni upi unaotumika kuainisha, kwa sababu idara isiyokubaliana itakuwa na makosa ya aina hii kila wiki.

Mwisho wa dirisha nao una kosa lake. Kiini cha mfupa ndani ya kichwa cha fupa la paja huanza kuonekana kwa watoto wengi kati ya mwezi wa nne na wa sita, na kikikua hutupa kivuli kinachoificha ncha ya chini ya iliamu. Ikifika hapo picha za eksirei ndizo zinazofaa, wala si kuongeza mwangaza wa mashine.

Mkono unasema imeteguka, skrini inasema nzima

Picha ya Graf ni ya nyonga iliyotulia. Uchunguzi wa Ortolani, wa mwaka 1937, na ule wa Barlow, wa mwaka 1962, huitikisa nyonga na kuuliza kama kichwa kinarudi au kinatoka. Haya ni maswali mawili tofauti, na majibu yake yana haki ya kutofautiana. Nyonga iliyolegea inaweza kukaa mahali pake wakati mtoto amelala ubavu kwa utulivu.

Kwanza hakikisheni mkono umehisi nini. Mlio mdogo mkavu unaosikika mtoto anapotanuliwa miguu mara nyingi ni wa kano na hauna uzito. Kinachotafutwa ni kichwa kuruka juu ya ukingo, jambo linalohisiwa zaidi kuliko kusikika. Likiwa ni hilo, picha nzuri isilifute. Rudieni altrasaundi mkiisukuma nyonga kwa upole, kwa njia ya mwendo aliyoianzisha Theodore Harcke huko Marekani katika miaka ya 1980, na andikeni kwenye jibu kuwa hiyo ndiyo njia iliyotumika. Kwa upande mwingine, nyonga zote mbili zinapokuwa zimeteguka zinaweza kuonekana zinafanana, na mchunguzi anayelinganisha kulia na kushoto haoni tofauti. Hapo ni skrini inayomwokoa.

Mtoto mwenye homa ambaye hataki kuusogeza mguu yuko nje ya mjadala huu wote. Maji au usaha ndani ya kiungo huonekana kwa mashine hiyohiyo, na huyo huonwa na daktari siku hiyohiyo.

Jibu linasomwa kwa namna mbili

Maneno kama "haijakomaa kidogo" au "ina shaka" huzalisha ugomvi ambao haukuwepo kwenye picha. Jibu litaje njia iliyotumika, umri kwa wiki, na kwa kila upande alfa, beta na aina. Na kila nyonga ibaki na picha mbili, moja yenye mistari na nyingine isiyo nayo, ili anayetaka kupima upya apate pa kuanzia. Alama ya kulia au kushoto iwekwe kabla mtoto hajageuzwa. Ikiwekwa baada ya kugeuzwa, siku moja itakosewa.

Kujua kama mmerekebika

Kila baada ya miezi michache chagueni picha kama 20 zilizofichwa majina, zikiwemo mbaya za makusudi. Kila mpimaji azipime peke yake, na baada ya wiki mbili azipime tena zikiwa zimechanganywa. Swali la kwanza lisiwe pembe, liwe "picha hii inapimika?" Mpimaji anayekubali kupima picha isiyo na ncha ya chini ya iliamu amekwisha kuonyesha tatizo lake kabla ya kuandika namba.

Kwa pembe, msitumie kipimo cha uhusiano peke yake, yaani kile kinachoonyesha tu kama namba za wawili zinapanda na kushuka pamoja. Mtu anayepata digrii tano pungufu kwa kila mtoto ataonyesha uhusiano mkamilifu na mwenzake ilhali hawakubaliani hata mara moja. Njia ya Bland na Altman, iliyochapishwa mwaka 1986, huchora tofauti ya wapimaji dhidi ya wastani wao na kuonyesha mara moja kama mmoja anaegemea upande. Inachorwa hata kwenye karatasi ya miraba. Kwa aina, kappa ya Cohen hupunguza makubaliano yanayotokana na bahati, jambo la lazima pale ambapo watoto wengi ni wazima na kila mtu angeweza kupatia kwa kuandika "aina I" mfululizo.

Mtakapokuwa mmefanya yote haya na bado mpimaji mmoja anasema 57 na mwingine 61 kwa mtoto wa wiki saba, andikeni namba zote mbili na mpangieni mtoto kupimwa tena kwenye hudhurio la wiki ya 10, na apimwe na mtu wa tatu asiyeonyeshwa majibu ya awali. Lakini mmoja wenu akipata alfa iliyo chini ya 50 kwa picha yenye alama zote tatu, mtoto aonwe na daktari wa mifupa ndani ya siku chache, hata kama mwenzake hakubaliani.